Mwangwi Ndani ya Chuma

Juma hili nimeombwa na wanafunzi wangu wa hapa Swima niandike habari za ufa. Si ufa wa ukuta, wala ufa wa chungu, ambao kila mtu auona kwa macho yake, bali ule uliojificha tumboni mwa chuma, usioonekana na mtu ye yote mpaka siku chuma kivunjikapo.

Sababu ya ombi lao ni hii. Katika masika yaliyopita lori moja lilikuwa likielekea Baraka, limebeba magunia ya muhogo na akina mama wa soko wamekaa juu yake. Lilipofika mteremkoni gurudumu la mbele la kushoto liling'oka, na lori likalala ubavu kando ya njia. Tunamshukuru Mungu kwamba hakufa mtu. Lakini mama mmoja alivunjika mkono, na mwingine, ambaye watoto wake wawili ni wanafunzi wangu, hakuweza kushika jembe kwa miezi mingi. Kesho yake vijana walikiokota kipande cha mhimili wa gurudumu, ule ambao madereva huuita ekseli, wakakileta darasani na kukiweka juu ya meza yangu, kizito, kimejaa grisi na mchanga.

Tulikifuta vizuri, tukapaangalia pale kilipokatika. Nawaomba nanyi, mkipata chuma kilichovunjika namna hii, msikitupe kabla ya kukitazama, maana chuma husimulia habari zake chenyewe. Theluthi mbili za uso ule zilikuwa nyeusi na laini, zenye mistari iliyopindana kama alama ambazo mawimbi ya ziwa huziacha mchangani. Theluthi iliyobaki iling'aa, tena ilikuwa na chembe chembe kama sukari. Sehemu ya kung'aa ndiyo iliyokatika siku ya ajali. Sehemu nyeusi ilikuwa imekatika zamani, kidogo kidogo, kila gurudumu lilipoingia shimoni na kutoka. Na kila mstari ulikuwa kituo ambapo ufa ulipumzika kabla ya kuendelea na safari yake. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Kumbe mwalimu, ekseli hii ilikuwa imekwisha kuvunjika kabla ya kuvunjika!"

Alisema kweli. Akauliza tena: mbona hakuna aliyeuona ufa ule miezi yote hiyo? Jibu ni kwamba ufa ulianzia chini ya mahali palipochomelewa zamani. Fundi aliyepachomelea simtaji, wala sidhani kuwa alikuwa mtu mbaya. Alimwaga chuma kipya juu ya ufa wa kale kama mtu apakaye chokaa ukuta uliooza, akalipwa fedha yake, na dereva akaondoka ameridhika. Macho yao wote wawili yaliishia juu.

Je, iko njia ya kutazama ndani ya chuma bila kukikata? Iko, tena mwanzo wake akina mama wanaujua kuliko mimi. Mtazameni mama anunuapo chungu sokoni. Hukiinua kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili hukigonga. Chungu kizima hulia mlio mrefu, safi. Chungu chenye ufa hulia kwa kukwaruza, na mlio hufa upesi. Mama hukirudisha chini bila maneno, na mfinyanzi naye hajibu, kwa kuwa wote wawili wamesikia. Kwa akili iyo hiyo, zamani katika stesheni za reli alikuwapo mtu mwenye nyundo ndefu, ambaye kazi yake ilikuwa kupita kando ya gari moshi na kugonga magurudumu moja moja. Gurudumu zima lililia kama kengele.

Lakini sikio lina mpaka wake. Huweza kusema, "Chungu hiki ni kibovu," lisiweze kusema ubovu uko wapi, wala una urefu gani. Tena kwa kitu kinene kama ekseli, ufa mdogo haubadili mlio hata kidogo. Hapo yahitajiwa sauti ya namna nyingine, nayo hutumiwa kwa njia ya mwangwi.

Mwangwi mnaujua. Simama mahali ambapo mlima umeukabili uso wako, upige kelele mara moja, na baada ya kitambo mlima utakujibu. Sauti hupita hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Jibu likikufikia baada ya sekunde 2, sauti imekwenda mita 680, kwenda na kurudi. Kwa hiyo mlima uko mita 340 mbele yako, nawe umeupima bila kuinua mguu. Majini sauti hukimbia zaidi, karibu mita 1,500 kwa sekunde. Ziwa letu la Tanganyika, pale penye kina kikuu, lashuka mita 1,470. Kama mtu angetuma sauti kutoka juu ya maji pale, ingemrudia kutoka chini baada ya sekunde 2 hivi. Katika chuma cha pua sauti huenda mita 5,900 kwa sekunde, yaani mara 17 kuliko hewani. Basi, aliye na chombo cha kutuma sauti ndani ya chuma, na saa yenye wepesi wa kutosha kungoja jibu, aweza kuupima ufa kama wewe ulivyoupima mlima.

Hata hivyo sauti ya mwanadamu haifai kazi hiyo, na sababu yake twaiona ufukoni. Wimbi kubwa la ziwa likikutana na unyasi uliosimama majini hupita tu, kana kwamba unyasi haupo. Likikutana na mwamba hugonga na kurudi. Jambo kubwa ni kipimo: wimbi hurudishwa na kitu ambacho si kidogo mno kuliko lenyewe. Sauti nene ya mwanamume, ikiingia ndani ya chuma, huwa na wimbi lenye urefu wa mita nyingi. Ufa wa milimita 2 kwake ni unyasi. Yatakiwa wimbi fupi sana, na wimbi fupi hutokana na mitetemo mingi. Sikio letu husikia mpaka mitetemo 20,000 kwa sekunde, wala halizidi hapo. Vyombo vya kukagulia chuma hutetema mara milioni 1, 2, 5, hata 10 kwa sekunde moja. Kwa mitetemo milioni 5, wimbi ndani ya chuma cha pua lina urefu wa milimita 1.2 tu. Kwa wimbi la namna hiyo, ufa mdogo ni mwamba.

Popo walitutangulia katika elimu hii. Padre mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliyekuwa pia mwalimu wa elimu ya viumbe, aligundua katika miaka ya 1790 kwamba popo aliyepofushwa huruka gizani bila kugonga kitu, lakini aliyezibwa masikio hujigonga kila mahali. Wengi walimcheka. Iliwapasa watu kungoja mpaka kati ya 1938 na 1941, ndipo Donald Griffin na wenzake kule Marekani wakahakikisha kwa chombo kwamba popo hupiga kelele tusizozisikia na kusikiliza mwangwi wake.

Kuhusu chombo chenyewe, historia yake nitaipitia mbio. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliona kwamba mawe fulani kama kwatsi hutoa umeme yakibanwa. Na baadaye ikaonekana kwamba yakipewa umeme hutetema. Katika Vita Kuu ya kwanza Paul Langevin alitumia kwatsi hiyo kutuma sauti majini ili kutafuta nyambizi. Mnamo 1928 Mrusi Sergei Sokolov alitoa shauri la kutafuta kasoro za chuma kwa sauti za namna hiyo, na mwaka 1942 Floyd Firestone, wa Chuo Kikuu cha Michigan, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo kinachotuma mpigo mfupi wa sauti na kungoja mwangwi. Vyombo vya leo ni wana wa chombo kile.

Sasa tumtazame fundi akiwa kazini. Mkononi ana kichwa kidogo cha kutuma sauti, kama kizibo cha chupa, kilichofungwa waya uendao katika sanduku lenye kioo. Kwanza husafisha chuma, kisha hupaka mafuta, grisi au utomvu mzito. Watu hudhani ni kwa ajili ya kuteleza tu, kumbe sivyo. Sauti ya namna hii haivuki hewa: hata utandu mwembamba wa hewa kati ya kichwa na chuma huirudisha karibu yote. Mafuta hufukuza hewa na kuwa daraja. Na kwa sababu iyo hiyo chombo hufanya kazi, kwa maana ufa wenyewe ni nini, ila uwazi mwembamba ndani ya chuma? Sauti ikiufikia, hugeuka nyuma.

Katika kioo fundi huona mstari ulalao, na juu yake vilima. Kilima cha kwanza ni pale sauti ilipoingia, na cha mwisho ni mwangwi wa upande wa pili wa chuma. Chuma kikiwa kizima, katikati ni tambarare. Kikizuka kilima kingine kati ya hivyo viwili, fundi husimamisha mkono. Umbali wa kilima hicho katika mstari humwambia kina cha kasoro. Kwa mfano, bamba la chuma lenye unene wa milimita 12 hurudisha sauti baada ya sehemu 4 za milioni za sekunde. Mwangwi ukija katika sehemu 2, basi kitu kimeizuia njia katikati ya bamba.

Watu wengi wakifika hapa hudhani kazi imekwisha: kasoro imeonekana, chuma kitupwe. La! Hapa ndipo kazi ngumu ianzapo, maana si kila kasoro ina hatari sawa. Katika chuma kilichochomelewa hupatikana viputo vya hewa, takataka za kuchomelea zilizonaswa ndani, mahali ambapo chuma kipya hakikushikamana na cha zamani, na nyufa hasa. Viputo vichache vya mviringo, mara nyingi chuma huvivumilia miaka na miaka. Ufa hauvumiliki, kwa kuwa ncha yake ni kali, na kila mzigo mpya huisukuma mbele.

Fundi huvitenganishaje, naye havioni? Husogeza kichwa chake huku na huku, na kukizungusha, akitazama tabia ya kile kilima. Kiputo cha mviringo hutoa mwangwi mdogo, na kikitazamwa kutoka upande wo wote hujibu vile vile. Ufa ni kama kioo cha kujitazamia: ukiukabili uso wake hukurudishia mwangwi mkali, ukigeuka kidogo mwangwi hupotea. Ili kujua urefu wake, fundi husogea mpaka kilima kipungue nusu. Hapo hutia alama, kwa maana nusu ya sauti inaugonga ufa na nusu inapita kando. Hurudi upande wa pili na kufanya vivyo hivyo. Kati ya alama hizo mbili ndipo ulipolala ufa.

Tena kuna hila moja iliyowaponza wengi. Ufa uliosimama wima, sauti ikiteremka wima kandokando yake, hauonekani hata kidogo, kama ubao unavyopotea machoni ukitazamwa kwa ubavu. Ndiyo maana kwa viungo vya kuchomelea hutumika vichwa vinavyotuma sauti kwa kuinama, digrii 45, 60 au 70. Fundi asiyebadili pembe aweza kukiita kizima chuma kilicho tayari kuua. Na kabla ya kuanza, chombo hupimwa juu ya kipande cha chuma kilichotobolewa matundu ya vipimo vinavyojulikana, kama muuza nyama apimavyo mizani yake kwa mawe ya haki. Asiyefanya hivyo atasoma vilima vizuri sana, visivyo na maana.

Watu wa ziwa tuna sababu ya kulijali jambo hili. Meli Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wamekwisha kupaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 iliinuliwa kutoka chini ya maji, na 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli iyo hiyo ilirudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, katika safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Mwaka 2015 ikawachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Kuna wasomaji wa ukurasa huu waliovuka ziwa katika meli ile wakiwa migongoni mwa mama zao. Chini ya miguu ya mama zao palikuwa na mabamba ya chuma, na chini ya mabamba, maji.

Bamba la meli huliwa na kutu, mara nyingi kwa upande wa ndani, nyuma ya rangi na mbao, mahali pasipofika jicho. Zamani, ili kujua unene uliosalia, mkaguzi alitoboa tundu, akapima, kisha akaliziba. Fikiri mwenyewe: kutoboa meli ili kujua kama itavuja! Siku hizi hukwangua rangi mahali padogo, huweka kichwa cha chombo, na baada ya kitambo husoma namba. Ikiwa bamba lilianza na milimita 10, na sasa mwangwi wasema 7, hakuna haja ya kubishana. Meli zilizo chini ya ukaguzi wa kimataifa hupimwa hivyo kila baada ya miaka michache, mamia ya nukta kwa meli moja, na mabamba yaliyokonda mno huondolewa.

Nimeulizwa pia na mama mmoja kama chombo hiki ni ndugu wa kile cha hospitali, ambacho kwacho wajawazito huonyeshwa mtoto aliye tumboni. Mama, umekisia sawasawa, nacho ni ndugu wa damu. Katika Julai 1955, daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskochi, alichukua katika magari uvimbe uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa, akaupeleka kwenye kiwanda kimoja cha matangi ya mvuke kilichokuwa na chombo cha kutafutia nyufa za chuma. Wenye kiwanda wakamtafutia pande la nyama ya ng'ombe la kulinganisha. Aliona wazi kwamba uvimbe wenye maji na uvimbe mgumu hutoa miangwi tofauti. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na fundi Tom Brown, walitangaza kazi yao pamoja na picha za mtoto ndani ya tumbo. Na ule utomvu wa baridi ambao muuguzi hukupaka kabla ya kuanza, ambao akina mama huulalamikia sana, ndio daraja lile lile la fundi wa chuma: hufukuza hewa.

Msidhani chombo chaweza yote. Chuma cha kusubu, chenye chembe nene, huitawanya sauti ovyo. Zege na mbao hutaka mitetemo michache zaidi, maelfu ya makumi kwa sekunde badala ya mamilioni, na hapo nyufa ndogo hupita kama unyasi. Mtumbwi wa mbao, basi, mkaguzi wake bora angali mzee mwenye kisu na vidole vyake. Na juu ya hayo yote, chombo chenyewe ni cha thamani, na mtu wa kukitumia hufundishwa na kufanyiwa mtihani. Mahali kama petu havipatikani kwa urahisi, wala sitawadanganya.

Lakini kwa nyufa zilizofika juu ya chuma, hata zikiwa nyembamba zisizoonekana, kuna njia ya mafundi wa zamani wa reli, nasi tumeijaribu. Safisha chuma mpaka king'ae. Kipake mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini, mbali na moto, ukiache saa moja au zaidi. Mafuta yatajipenyeza katika kila mwanya. Kisha kifute kabisa, kikauke. Saga chaki, ikoroge na maji kidogo, ukipake chuma kiwe cheupe, ungoje ikauke. Mwisho kigonge kwa nyundo mara kadhaa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe.

Dereva wa lori lile, alipotoka kulitengeneza, tulimwomba atuletee ekseli ya upande wa kulia, ambayo haikuvunjika na ambayo alitaka kuirudisha garini. Alicheka, akaileta. Vijana waliisafisha, wakaipaka, wakangoja mpaka kipindi cha hesabu kikaisha. Yule wa mstari wa nyuma ndiye aliyeshika nyundo. Alipogonga mara ya tatu, karibu na shingo ya ekseli, pakatokea mstari mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kidole gumba. Dereva aliinama, akaupitishia ukucha, hakuhisi kitu. Akasimama kitambo akiutazama. Kisha akaifunga ekseli katika gunia, akauliza ni nani kule Baraka anayeuza nyingine, nzima.